Maboksi Kumi na Manne ya Nguo Kuukuu

Katikati ya miaka ya tisini, kila mwanamke wa Mji wa Kale aliyekuwa na pasipoti alikuwa mfanyabiashara wa Dubai. Mimi nilikuwa na pasipoti, cheti cha kidato cha nne, mtoto wa miezi kumi na mdomo. Kilichonitia taabuni ni mdomo.

Wifi yangu alikuwa anaolewa. Kwetu wanawake huja kutazama chumba cha biarusi kabla ya harusi, na usidhani wanatazama kitanda. Wanatazama kabati la vioo. Sahani ngapi, bilauri ngapi, za wapi, na kama zafanana. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa amekwisha kuchagua vyombo katika duka moja la Ndia Kuu. Nami, nimesimama mlangoni, mtoto begani na uji wake umenimwagikia kifuani, nikasema:

"Mama, hivyo kila mtu anavyo. Niache nikamletee vya Dubai ambavyo Mombasa hii havijaonekana."

Alinitazama kama anavyotazama samaki wa jana. "Wewe?"

"Mimi."

"Na vikivunjika?"

"Havivunjiki."

Nilikuwa nimekaa nyumbani kwake miaka miwili, na neno lake juu yangu lilikuwa moja: mwanawe kaoa msichana ajuaye kuandika barua asiyejua kupika. Basi nililitaka lile kabati kuliko biarusi mwenyewe. Likijaa, nami ningekuwa mtu katika nyumba ile.

Nikamwachia mavyaa mtoto, nikaenda Dubai. Tulikuwa wanawake watano, tumechangia kontena moja dogo. Mkubwa wetu alikuwa bibi mmoja mwenye duka la vyombo mjini, aliyeanza kuleta mizigo kwa meli mimi ningali nikichezea mchanga. Nilikuwa nimeonywa juu yake: akikiona kitu chako leo, kesho kiko dukani kwake. Na jicho lake, walisema, lapasua jiwe. Mimi niliyesoma bayolojia nikaamini neno kwa neno.

Siku ya tatu nikaiona seti yangu: vipande sabini na viwili, buluu, ukingo wa dhahabu. Niliinunua adhuhuri pamoja na bilauri zake, wenzangu wamelala, kama mtu anayeiba.

Ghala la mizigo lilikuwa na fundi wa kufunga, Mhindi mwembamba wa Malabar, aliyejifunza Kiswahili kwa wanawake wa Mombasa na Unguja. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuandika, kisha kufunga.

"Mama, ndani nini?"

Yule bibi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwetu, anajipepea.

"Nguo kuukuu," nikasema.

"Na hii?"

"Nguo kuukuu."

"Yote kumi na nne nguo kuukuu?"

"Nina jamaa wengi."

Akaliinua boksi moja. Likasema *chi-ni-ni*. Akanitazama. "Nguo yako inalia, mama."

"Ni vifungo."

Maskini yule mtu alijaribu. Alitaka kubandika karatasi nyekundu yenye picha ya bilauri, nikaibandua. Alinieleza kwamba kila boksi hupewa nambari, na kilichomo huandikwa kwenye orodha ambayo hufika Mombasa kabla ya mzigo. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: moja hadi kumi na nne, nguo kuukuu. Tena nilikuwa nimekwisha kuyatoa makaratasi na kadibodi zote za kutenganisha vyombo ndani, kwa sababu kontena hulipiwa nafasi, na mimi nilijiona hodari wa hesabu. Maboksi kumi yalikuwa ya vyombo, manne ya nepi za kutupa nilizotaka kuuza. Unaweza kuuliza kwa nini sikuvifunga vyombo kwa nepi. Hata mimi nimejiuliza.

Wapakizi wakafanya kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili. Nguo hazivunjiki, kwa hiyo zikawekwa chini. Juu yake wakapandisha vichwa vya vyerehani vya mwenzetu mmoja, chuma kitupu. Maboksi ya yule bibi, yenye picha ya bilauri pande zote sita, yakakaa juu kabisa, karibu na mlango. Nikasimama nikayacheka moyoni. Tazama, nilisema, anavyomtangazia kila hasidi.

Meli ilifika salama. Wakala wetu wa kutoa mizigo akaniita bandarini, nikaenda na mtoto mgongoni. Afisa wa forodha alikuwa mtu wa bara, mpole, na orodha yangu iko mbele yake.

"Mama, hizi ni mitumba?"

"Ndiyo."

"Cheti cha dawa kiko wapi?"

"Dawa ya nini? Sina mgonjwa."

"Mitumba lazima ipigwe dawa kule inakotoka. Bila cheti haitoki hapa."

Mtoto akaanza kulia. Nikafikiri, nikaona njia. "Basi si mitumba."

"Ni nini?"

"Vyombo."

"Maboksi yote?"

"Na nepi."

Akaiweka kalamu chini taratibu. "Na huyu mgongoni ni mtoto kweli, ama tumwandikie kitu kingine?"

Ofisi nzima ilicheka, wakala wangu akiwa wa kwanza. Kisha kicheko kikaisha, kontena likazuiwa, likatolewa kila kitu na kufunguliwa boksi kwa boksi. Si yangu tu, ya wanawake wote watano. Siku tisa. Nilipoyapata maboksi yangu, wanawake wa kutazama kabati walikuwa wamebakisha siku mbili waje.

Niliyafungua uani mbele ya mavyaa. Bilauri zilikuwa zimekuwa chumvi. Katika vile vipande sabini na viwili, vizima vilikuwa kumi na kimoja, na kimoja kati yake ni kifuniko kisicho na birika. Nepi zilifika bila hata mkunjo.

Nilingoja anitukane. Aliinama, akaokota kigae cha buluu, akakigeuza.

"Kweli," akasema. "Mombasa hii havijaonekana hivi."

Wifi yangu akaingia chumbani, akalala akiukabili ukuta. Vile vyombo vya Ndia Kuu vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Mimi nikamlaani Mmalabari, nikamlaani afisa, nikavilaani vyerehani na aliyevivumbua. Nilipomaliza orodha ya watu wa kulaani akabaki mmoja, naye nisingeweza kumkwepa kwa sababu nilikuwa ndani yake. Nikavaa buibui nikaenda kwa yule bibi.

Rafuni kwake, mstari mzima: buluu, ukingo wa dhahabu. Seti nane.

"Sabalkheri, bibi."

"Sabalkheri, mwanangu. Nguo kuukuu hazijambo?"

Wateja wakaziba midomo kwa mitandio. Nikaomba seti moja, nikasema ni ya biarusi.

"Maboksi yako yamenikalisha bandarini siku tisa," akasema. "Seti nitakupa. Lakini niambie hapa hapa, wakisikia hawa. Ulikuwa wamficha nani?"

Nina uwongo wa kila namna, mwingine hata sijautumia. Nikamkumbuka wifi na ukuta wake.

"Wewe."

"Sema nisikie."

"Nilikuficha wewe, bibi. Niliogopa jicho lako."

Hakucheka. "Jicho langu lilikiona chombo kile siku tuliyofika. Ungeniuliza, ningekuonyesha duka la bei nafuu."

Akafunga seti mwenyewe, nami nikimshikia gazeti. Kila sahani karatasi yake. Nilipotaka kuzilaza moja juu ya nyingine, akanipiga mkono. "Sahani husimama, mwanangu, kama vitabu. Zikilala zaumizana." Akajaza kila pembe, akatikisa boksi moja moja, akasikiliza. Kimya. Akanipa kalamu.

"Andika."

"Niandike nini, bibi?"

"Kilichomo."

Nikaandika VYOMBO, pande zote sita za kila boksi, wateja wakinisimamia kama mtihani. Badala ya malipo alizitaka nepi zangu zote, maboksi manne mazima, na sikubishana.

Siku ya kutazama, kabati lilimeta. Wanawake wakaingia, wakahesabu kwa macho, wakashindwa kupata kasoro, wakaudhika. Mmoja, jirani yetu, akageuka kwa mavyaa.

"Mashallah. Vya Dubai hivi? Nani kavileta?"

Mavyaa akanitazama. Nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa, mtoto ameng'ang'ania buibui langu.

"Vimeletwa na bahari," akasema, akaniashiria nipitishe vikombe.