Mbwa Aliyeitwa Karibu

Nilipokuwa mtoto kulikuwa na neno moja ambalo Bibi alinikataza kulitamka ufukweni Magara saa sita mchana, nalo ni karibu. Nyumbani Rumonge tulilisema kutwa, maana kwetu Waswahili mgeni hamalizi hodi yake kabla hajajibiwa. Lakini kule ufukweni, jua likiwa utosini, Bibi alitaka midomo ifungwe.

Bibi alianika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Saa sita wavuvi wote huwa wamelala, wamekesha ziwani, na ufuko unakuwa kimya hata unadhani unasikia samaki wakikauka. Mlinzi wetu dhidi ya kunguru na paka alikuwa mbwa mwekundu aliyejileta mwenyewe. Siku moja asubuhi Bibi alimwambia mteja, "Karibu," na mbwa yule aliyekuwa akipita akadhani ameambiwa yeye, akaja akajilaza chini ya kichanja cha kuanikia. Jina likawa hilo. Ndani ya nyumba hakuingia, na sahani yake ilikuwa mbali na zetu, lakini Bibi alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Karibu alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Warundi wanauita intandara, sisi kifafa, na sote tuliamini kwamba povu la anayeanguka likikugusa, nawe utaanguka. Kila mara kabla ya kuanguka alisimama akatazama ziwani, mahali pasipo na kitu, akatikisa mkia polepole, kama mtu aliyemfahamu anakuja. Kisha miguu ikakakamaa na povu likamtoka. Bibi alimfunika macho kwa kitenge, akaninyamazisha, tukangoja.

"Usimuguse," aliniambia. "Na usimuite jina hii saa. Wale wa mu ziwa watasikia karibu, watasema weye ndiye umewakaribisha."

"Bibi, wanafanana na nani?"

"Imbwa ndiyo inawaona. Uliza yeye."

Siku ninayoikumbuka, Bibi alikuwa amepanda barabarani kuongea na wachuuzi. Nilibaki peke yangu na miaka yangu tisa. Karibu akasimama, akatazama ziwani, mkia ukaanza. Nami nikatazama alikotazama. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na sikupenda jinsi yalivyotulia. Alipoanguka nilitafuta kitenge, kumbe Bibi ameondoka nacho kiunoni. Niliogopa nikasahau kila nilichokatazwa, nikaanza kumwita kwa sauti yote, uso wangu ukielekea majini: Karibu, Karibu, Karibu.

Akatulia. Akainuka, macho wazi, lakini hayakuniona. Akaja moja kwa moja upande wangu, povu likimning'inia kidevuni, na mimi nilikuwa nimesimama kati yake na maji. Nikampisha. Akanipita, akaingia ziwani, akaendelea kutembea bila kusita wala kugeuka, hadi kikabaki kichwa chekundu, halafu hakikuwepo. Lakini kabla mgongo haujazama niliona mkia. Ulikuwa ukitikisika.

Wavuvi walioamshwa na kilio changu walizunguka na mtumbwi, hawakupata kitu. Bibi aliporudi aliniuliza neno moja tu.

"Umeita?"

"Nimeita."

Hakunipiga. Ila tangu hapo, ikifika saa sita, wateja wake aliwapokea kwa Kirundi, "Kaze, kaze," kana kwamba wale wa ziwani hawajui Kirundi. Leo nikikumbuka nacheka. Wakati ule nililia siku nyingi, nikiamini nimemtoa Karibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa nina nyumba yangu hapa Rumonge, mlango ukielekea ziwani, na mbwa anayeitwa Bobi, jina nililolichagua kwa sababu halina maana yoyote. Mwaka huu Bobi ameanza kuanguka. Mara ya kwanza nilikimbilia chumbani nikajifungia, mtu mzima mimi. Halafu aibu ikanitoa. Nikasoma kwenye simu hadi macho yakauma, na kesho yake nikamwendea veterinere, daktari wa wanyama.

"Iko anaanguka dakika ngapi?" aliniuliza.

"Sikuhesabu."

"Uhesabu. Usimuwekee mukono mu kinywa. Funga dirisha, zima redio, iwe giza na kimya. Hizi dawa ni asubuhi na jioni, saa ileile, usiache hata ukiona amepona. Na ile povu haiambukize mutu."

Nilimfikiria Bibi na kitenge chake, na kule kuninyamazisha. Nusu ya masharti yake ilikuwa tiba, na yeye hakujua.

"Kitu kingine," veterinere akasema. "Akiamka, kwa muda haone vizuri, anatembea tu. Usimuache karibu na maji. Umuzibie njia."

Karibu na maji. Nilitoka pale nikakaa ukingoni mwa barabara, dawa mkononi. Miaka yote nimejilaumu kwa ajili ya jina, kumbe jina halikuwa na neno. Nilikuwa nimesimama palepale palipotakiwa mtu, na nilichotakiwa kufanya ni kutosogea. Inaniuma zaidi hivi, maana sina tena wa ziwani wa kuwasingizia. Habari ya mkia sikumuuliza veterinere. Niliogopa asije akakosa jibu.

Juma lililopita Bobi alianguka sebuleni, saa sita mchana. Nilifunga dirisha, nikahesabu, nikaketi mlangoni, miguu nimeinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo. Alipoanza kutulia, nyuma yangu, upande wa ziwa, mtu akaita.

"Hodi."

Bobi akainuka, macho hayanioni, mkia ukitikisika, akaja mlangoni.

"Hodi," sauti ikarudia.

Sikujibu. Bobi alinisukuma kwa kifua, povu likanilowesha magoti, na sikumpisha.