Kufuli Jipya kwa Dobi

Dobi wa hospitali alikuwa mtu wa asante. Ukimpisha njiani, asante. Ukimkanyaga, samahani anaomba yeye. Basi mafuriko yalipobeba nyumba yao, yeye na mama yake wakapewa chumba katika makazi ya muda, alikichukulia chumba kile kama hisani, na hisani hakuihoji.

Msimamizi wa makazi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ualimu haukumtoka hata chembe. Kila jioni aliita majina uani, watu wazima wamepanga mstari. Ukikosa mara tatu, huna chumba. Dobi alikosa mara tatu, kwa kuwa shuka za wodini hazikuisha mapema. Kesho yake mchana alirudi akakuta kufuli jipya mlangoni, na mama yake amekaa koridoni juu ya godoro, sufuria miguuni.

"Utaratibu ni utaratibu," msimamizi alisema.

"Asante kwa miezi minane, mwalimu," Dobi akajibu, akaanza kufunga mizigo. Mpaka leo jibu hilo linanikera.

Fundi bomba, jirani yao, akaweka spana chini. "Dada, unamshukuru anayekutupa nje? Iko wapi karatasi uliyotia sahihi?"

Ilikuwa mkobani, imepigwa pasi, haijasomwa. Fundi akaisoma kwa sauti: mpangaji hatatolewa bila notisi ya maandishi ya siku thelathini, na amri ya mahakama.

"Hiyo ni fomu tu," msimamizi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Fundi na mkewe waliwaachia kitanda chao, wenyewe wakalala chini. Asubuhi fundi aliacha kazi zake akampeleka Dobi ofisi ya msaada wa sheria. Siku ya tatu hakimu akaamuru mlango ufunguliwe mara moja. Dobi alilia mbele za watu bila aibu, akamshukuru wakili, karani, mpaka mlinzi wa getini, kisha Dobi akamshika fundi mikono yote miwili.

Msimamizi alifungua kufuli mwenyewe, akaondoka.

Mama aliingia na mkongojo wake, akazitazama kuta. Miezi yote minane hawakuwahi kupigilia hata msumari mmoja, wasije wakaonekana wamejisahau.

"Muombe fundi nyundo," alisema. "Nimechoka kutundika nguo zangu dirishani."