Majivu Kwenye Maharage

Nilipoolewa nilijiona mjuzi wa jiko kuliko wanawake wote wa Kasulu. Baba yangu alikuwa na duka pale mjini, nami nimekua nikila pilau kila Ijumaa. Mume wangu, mwalimu, alitoka kijijini Titye, kwenye ugali wa muhogo na maharage mchana na jioni. Nikajiapiza kumtoa ushamba. Mshahara wake ukawa unaishia kwenye nyama na mchele kabla mwezi haujafika nusu, kisha tunakunywa chai kavu na kununiana.

Mwaka mmoja wa sabini na kitu, baada ya mavuno, mama mkwe alikuja kwa miguu na kapu la maharage kichwani. Akalishusha mlangoni, akasema, "Mwanangu, unitunzie haya." Nikadhani ni adabu tu ya mtu asiyetaka kujisifu kwamba ametoa zawadi. Nikashukuru juu juu, nikalipokea.

Alipoondoka nikalifungua. Maharage yalikuwa manene, ya rangi moja, lakini yamepakwa majivu tele. Nilicheka, jamani. Nikamwita jirani aje auone uchafu wa shamba. Kisha nikayaosha, nikayaanika, na siku ya gulio nikayauza yote. Zile fedha sikuzichezea. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu niliweka akiba, na niliiweka kwa nia njema: mama mkwe akirudi, nimpikie chakula cha heshima.

Mvua za kwanza zilipoanza akarudi, miguu imejaa tope jekundu. Nikampikia pilau ya mbuzi, na sijawahi kupika vizuri vile tena. Alikula taratibu. Sahani ilipofika nusu akatulia, akapiga makofi mepesi kama Waha wanavyoshukuru.

"Mwakoze, mwanangu," akasema. "Sasa nipe mbegu zangu, niwahi kupanda."

Alinieleza bila haraka, kama anayenikumbusha ninachokijua. Kwao mbegu hazilazwi nyumba moja. Nusu hubaki, nusu hupelekwa kwa mtoto, na hupakwa majivu ili wadudu wasiziguse. Mwaka huo paa lake lilivuja na zile za nyumbani zikaoza, ila hakuhangaika, kwa sababu nyingine zilikuwa kwangu.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: ningesema ni panya. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa imani, nikashindwa.

"Mama, niliyauza."

"Yote?"

"Yote. Fedha yake ndiyo hii nyama, ndiyo huu mchele."

Hakufoka. Afadhali angefoka, nami ningepata la kujibu, maana mdomo ninao. Alitazama nje, kule mvua ilikokuwa inanyesha vizuri kabisa, mvua ya kupandia. Nilitamani mume wangu atoke shuleni mapema, na papo hapo nikatamani asije kabisa.

Kisha akaivuta sahani karibu.

"Basi nimalize," akasema. "Mbegu haitupwi."

Akala mpaka punje ya mwisho, akiziokota moja moja kwa ncha za vidole. Alipomaliza akapiga makofi tena, mepesi kama mwanzo, akanishukuru.