Bizari ya Mama wa Mombasa

Tulipokuwa tukiishi Al Wakrah, karibu na Doha, watu watatu chumba kimoja, kazi ya kununua bizari ya mchuzi ilikuwa ya mwenzetu wa Mombasa. Hatukumchagua. Alijichagua mwenyewe, akisema kwamba mimi mtu wa Kericho, na yule mwingine, dereva Mganda, tumelelewa kwa chumvi na kitunguu, kwa hiyo hatuna pua ya kazi hiyo.

Bakala, yaani kiduka tulikonunulia vyakula, ilikuwa ya mzee mmoja Mhindi, mpole sana. Rafu nzima ilijaa bizari: ya samaki, ya kuku, ya nyama, ya dengu. Kila Ijumaa mwenzetu alinusa, akakunja uso, kisha akamweleza Mhindi yule jinsi bizari inavyotakiwa kuwa. Mzee alimsikiliza kwa heshima, halafu akatuuzia pakiti ya bizari ya kuku. Nyumbani mwenzetu alikula sahani mbili huku akitusikitikia. Alisema siku tutakayoonja bizari ya mama yake, ya kukaangwa na kutwangwa kwa mkono, tutajua kuwa bado hatujala.

Mwishowe binamu yake alikuja Doha kufanya kazi ya ulinzi, akamletea chupa ya jamu iliyojaa bizari, imefungwa nailoni juu ya nailoni. Tulinunua nyama ya mbuzi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa mwiko. Tulikula kwa adabu. Mganda akasema sasa ameelewa. Nami nikasema nimeelewa. Mchuzi ulikuwa mtamu kama wa Ijumaa zote, lakini nani angeanza kusema?

Akampigia mama yake, akaweka spika ili nasi tushukuru.

"Ahsante mama, Mungu akubariki mikono," alisema. "Huku hawaijui bizari."

"Mikono gani, mwanangu? Kutwanga niliacha ungali shule ya msingi. Hiyo ni ya pakiti, nimenunua dukani. Muuzaji kaniambia yatoka huko huko Uarabuni kwenu. Nimeitia kwenye chupa isije ikamwagika njiani."

Mtandao ulikuwa safi kabisa. Mwenzetu akauliza habari za mvua, akaaga. Kisha akatueleza kwamba mama amezeeka, siku hizi huchanganya mambo. Tukakubali kuwa wazee huchanganya mambo. Mganda akauliza, kwa upole, kama kuna nyama iliyobaki. Ilikuwepo, na sote watatu tukaongeza.