Huwa Inachukua Muda Gani?

Mama Editha anauza wali maharage hapa Mikumi, kwenye maegesho ya malori, na banda lake limepakana na langu. Mimi nakaanga chapati. Jina lake ni Generoza, mtu wa Kisanga, si mwongeaji, ila akipika utalamba vidole. Madereva wa Iringa wanayaruka mabanda yote wakimtafuta yeye, na mimi wivu wangu nilishaumaliza zamani.

Ana binti mmoja, Editha, mtu mzima sasa, ana kifafa. Mama yake alidhani hatujui. Jamani! Ukuta wenyewe bati, mtu akianguka chumba cha nyuma sufuria zinalia mpaka kwangu. Kila ilipotokea, Mama Editha aliongeza sauti ya redio, akafunga mlango kwa nje, akarudi kupakua huku anacheka na wateja kicheko kisicho chake. Tulijua sote, tukamsitiri kwa kunyamaza. Huku kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba lile povu linaambukiza. Ukionekana umemgusa aliyeanguka, nani tena atakula chakula cha mkono wako? Mama lishe akishasemwa hivyo, afunge banda akalime.

Mwaka huu wakaja vijana wa utafiti, nyumba kwa nyumba. Kiongozi wao anaitwa Lucas, daktari kijana, ana adabu zake. Walikuwa wanahesabu ni watu wangapi hapa mjini wanapatwa na kifafa kirefu, kile kinachopita dakika tano bila kukatika, maana hicho kinaweza kumuua mtu. Wakishajua ukubwa wake, ndipo wapange dawa ya kukikatisha kiasi gani iwe karibu na watu.

"Shikamoo mama," Lucas akamwambia Mama Editha.

"Marahaba."

"Hapa kwako yupo anayeanguka kifafa?"

"Hapa hakuna," akajibu, upawa mkononi, benchi zimejaa. "Nendeni Zombo huko, ndiko wanakoanguka."

Loh! Nikataka kumtolea uvivu, nikajizuia. Mlango wa nyuma ukafunguka, Editha akatoka na kovu lake la kuangukia jiko shavuni.

"Mama, na mimi je?"

Dereva mmoja akarudisha kijiko kwenye sahani.

"Huyu ni wangu," Mama Editha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa ameshika kuku wa jirani. "Anaanguka."

Lucas akawaomba wasogee pembeni. Na mimi nikajipeleka, nani wa kunizuia? Akauliza swali jepesi kabisa: "Akianguka, huwa inachukua muda gani mpaka itulie?"

Mwanamke anayejua kila dereva anataka mchuzi kiasi gani, akabaki anatazama kandambili zake.

"Sijui."

"Kwa kukadiria tu, mama. Kama chai kuchemka? Au zaidi?"

"Sijui, mwanangu. Huwa sipo."

"Unakuwa umesafiri?"

"Nakuwa hapa. Napakua."

Nilitamani ardhi immeze yeye na mimi pamoja naye. Editha akasema, "Mimi nikizinduka nakuta mlango umefungwa. Nagonga." Alisema bila lawama, na ndiyo maana iliuma.

"Kwa hiyo sihesabiwi?" akamuuliza daktari.

"Nitakuhesabu kwamba una kifafa, dada yangu. Lakini kama ni kirefu, lazima awepo aliyeona."

Akamweleza mama: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, ikipita dakika tano mkimbize kituo cha afya. Akapaza sauti wateja nao wasikie: povu haliambukizi. Wapi! Nusu yao walishahama. Mama Editha akakaa juu ya ndoo, hawezi kumtazama mtu usoni, hata mimi jirani yake. "Nimeumbuka, Siwema," akaniambia kwa machozi. Nikamjibu wateja waende zao wakale mawe, ila nilijua hakuwa analia kwa ajili ya wateja.

Siku chache baadaye, mchana, Editha akaanguka hapo hapo kati ya benchi. Nilimwona mama yake akiutazama ule mlango wa nyuma. Aliutazama kweli, nisimsingizie. Kisha akaachia upawa ukazama kwenye maharage, akapiga magoti, akamlaza ubavu, povu likamlowesha mikono mbele ya watu waliokuwa wanakula.

"Siwema, saa!"

Nikakodolea simu macho. Dakika hazisogei, nakwambia, na mwili wa yule binti haukomi kukakamaa. Zilipotimia tano alikuwa bado. Nikaita bajaji kwa kelele zangu zote, tukambeba. Kituoni wakamchoma sindano, akatulia.

Tulikaa pembeni ya kitanda mpaka akafumbua macho. Akageuza shingo taratibu, akautazama mkono wa mama yake uliokuwa umeshika wake, akamtazama mama mwenyewe kwa mshangao.

"Mama," akauliza, "kwani leo hakuna wateja?"

Mama Editha akavuta kanga akajifunika uso.