Mihogo Nyuma ya Nyumba Yangu

Nilizaliwa kambi ya reli, katika nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa kwa ajili ya mfanyakazi mmoja na mke wake na watoto wao. Baba alistaafu humo, ndugu zangu wakaoa humo, watoto wao wakazaliwa humo humo. Mwishowe aliyechelewa kurudi jioni alilala jikoni karibu na makaa. Kwa hiyo nilipopata parsele, kiwanja changu mwenyewe, upande ule ambako mji wa Kamina unasogea kufuata barabara ya Kaniama, nilifurahi mno. Kilichokuwa kimeota juu yake sikukitazama sana.

Ilikuwa mihogo. Mwenye udongo aliniuzia kiwanja, lakini mihogo ilikuwa ya mama mmoja mzee, wa familia za wakulima wa hapa, aliyelima pale tangu ujana wake. Yeye hakuulizwa. Kwetu, kilichopandwa ni cha aliyekipanda hata udongo ukiuzwa. Mnunuzi husubiri kivunwe. Nilimwita kambo, kama tunavyowaita bibi zetu, nikamwahidi kwamba nitasubiri. Ilikuwa ahadi rahisi, maana matofali yangu yalikuwa bado hayajachomwa.

Matofali yakachomwa, mihogo ikawa bado michanga. Mvua zilikuwa zinakaribia. Nikawaambia wachimbaji wapitishe msingi katikati ya shamba. Kambo alipofika akakuta mashina yamelala chini. Nilijiandaa kutukanwa, hata majibu nilikuwa nayo. Yeye akaketi, akaanza kuyakata vipande vya kupanda.

"Baba, hii ikikauka haiote tena," akasema. "Miye nitaipanda fasi gani?"

Nikamwonyesha ukanda mdogo wa nyuma, ambako ningejenga jikoni na choo tu. Siku hiyo nilijiona mtu mwema kabisa, mimi niliyempa kambo kipande cha shamba lake mwenyewe.

Alipanda. Kila alipokuja kupalilia alituachia sombe, majani ya mihogo, mlangoni, mke wangu akaitwanga na kuipika, tukaila na bukari, ugali wetu. Nilikuwa naona aibu kila tonge, lakini nilikula, na nilikuwa wa kwanza kunawa mikono.

Kisha mwaka huu dada yangu akafika kutoka Mulongo na watoto wake. Anasema kule wavuvi wamezidi, nyavu zinagombania maji yale yale, na samaki wanaopatikana ni wadogo. Dada simfukuzi. Wala siwezi kuwalaza wote kwenye salon, sebule yetu, miaka yote. Nikaagiza matofali ya chumba kingine, wakayashusha nyuma ya nyumba, juu ya mihogo iliyokuwa imefika kiunoni tu.

Nilikuwa nimekusudia kwenda kumwambia kwanza. Nikasema kesho, nikasema tena baada ya misa, na katika kusema kwangu huko akaja mwenyewe na jembe lake. Alitazama matofali, akawatazama watoto wageni waliokuwa wanacheza juu yake.

"Beko ba nani?"

"Ba dada yangu, kambo. Balikuya kukaa."

"Iko muzuri, baba. Bantu baongezeke. Nyumba bila batoto iko nini?"

Alisema kwa moyo mweupe, bila kejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Ningependa anikasirikie, tugombane, majirani waje kutuamua, nami nipate haki ya kununa. Hakunipa hata hiyo. Alitoa kisu akakata mashina yaliyosalia, akafunga mizigo, akawaita wale watoto wamsaidie kubeba. Wakamfuata wakicheka, wakapita nyumba mpya za jirani, wakapita na misingi ambayo haijainuliwa kuta.

Nilikuwa na hamu ya kumuuliza safari hii anakwenda kupanda wapi. Nilijizuia, nisije nikapajua. Mdogo wangu bado yuko kule kambi na mke wake na watoto, na kila jioni ananiuliza kama nimesikia habari ya parsele.