Malindi kwa Baiskeli ya Shemeji

Mama alinituma Malindi kwa jambo moja tu: nirudi Tanga na dada yangu. Shemeji alikuwa ameshazikwa, dada alikuwa amebakiza siku arubaini na kitu za eda, na Mungu hakuwajaalia mtoto. "Anabaki na nani huko ugenini?" mama aliuliza. Nilikubali upesi, na niseme ukweli, haikuwa huruma peke yake. Mama yetu hawezi kusimama bila kushikwa, na kwa miaka sita aliyemshika ni mimi. Nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa na hasira na dada kwa kuolewa mbali. Nilimtaka arudi tugawane mzigo. Nikamwacha mama kwa binamu yetu, nikavuka mpaka pale Horohoro, nikaingia Kenya na begi moja.

Nilimkuta dada katika chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe, hana kioo wala marashi, amekonda. Mjane hatoki mpaka itimie miezi minne na siku kumi, na dada alikuwa akizihesabu. Siku ya tatu akaniambia, "Mbona umejifungia kama kwamba wewe ndiye uliyefiwa? Baiskeli ya shemeji yako iko uani. Nenda ukazunguke, kisha uje unieleze ulichokiona."

Kwetu Tanga, mwanamke wa baibui juu ya baiskeli ni jambo la kila siku. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiendea sokoni kwa baiskeli tangu usichana. Malindi watu wanapanda tuktuk na bodaboda. Na baiskeli yenyewe ilikuwa ya kiume, ndefu, ya kijani, nami ni mfupi. Nilivaa suruali ndani, nikafunga baibui kiunoni, nikaondoka huku majirani wakiacha kufagia kunitazama. Niliwatolea macho hadi wakaendelea na mifagio yao.

Asubuhi hiyo nilipotea mara tatu. Vichochoro vya Shela, mtaa wa dada, vinapinda na kukurudisha palepale, kwenye ukuta uleule wa mawe ya matumbawe, chini ya dirisha lilelile linalotoa harufu ya iliki na mahamri. Bahari niliisikia mkono wa kushoto, baadaye kidogo nikaisikia mkono wa kulia, na sikuiona hata mara moja. Nilirudi nikiwa na jasho na hasira, nikamwambia dada sikuona kitu.

"Hakuna mtu asiyeona kitu," alisema. "Anzia mlangoni. Ulipotoka kushoto, kulikuwa na nini?"

Akafumba macho. Nilipokuwa nikieleza, kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya mkeka, kikakata kona, kikasimama. "Hapo pana shimo. Ulilikwepa?" Sikulikwepa, nikamwambia, na makalio yangu ni shahidi. Dada akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Basi ikawa hiyo ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi, baada ya chai, natoka. Kila adhuhuri narudi kumsimulia. Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni, nikaanza hila. Nilikuwa nikimchagulia mabaya tu. Nilimweleza jalala lililomwagika hadi barabarani, maji machafu ya sokoni, dereva wa tuktuk aliyenipita karibu anichubue goti, vumbi la mtaa wa Maweni linaloingia hadi kwenye meno. Nilitaka auchoke mji huu kabla hajatoka eda.

"Lile jalala!" dada alisema, uso umemng'aa. "Lilikuwepo siku niliyoletwa bibi harusi. Na yule mbuzi mweusi bado analala juu yake?"

Nilitamani kulia. Mbuzi alikuwepo.

Kilichoniharibia zaidi ni watu. Niliisahau kazi ya dada, au niliichukulia kuwa kitu kidogo. Dada hukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, yeye humwendea kila siku na maji ya moto na mafuta, humkanda tumbo na mgongo, humwogesha mtoto, mpaka arubaini itimie. Sasa wanawake, waliozoea kumwona shemeji akimleta dada kwa baiskeli ile, waliijua kabla ya kunijua mimi. Nilikuwa nikisimamishwa vichochoroni, sokoni, mbele ya duka la mkaa. Mmoja wa Shela, mtu mzima, alinishika usukani: "Ewe mwana wa Tanga, dadako yuwatoka lini?" Mwingine, muuza nyanya aliyehamia kutoka bara, alinipa nyanya nne nimpelekee, akasema dada alimkanda wakati hana hata ndugu mmoja pwani hii.

Na huko Maweni alikuwapo mama kijana mwenye mimba kubwa. Alikuwa akikaa mlangoni kuningoja. Mimba mbili za kwanza zilimtoka. "Mwambie namngoja yeye," alikuwa akisema. "Hospitali nitakwenda, lakini mikono nataka yake." Nilimjibu kwa ukali kwamba mtoto haambiwi ngoja. Akacheka tu, akaniletea maji ya kunywa. Ujumbe wake niliufikisha siku ya nne, baada ya kuukalia siku tatu, na bado naona haya.

Kadiri siku zilivyopita, nilizidi kuendesha kama mtu aliye usingizini. Sikuwa nikitazama kwa macho yangu, nilikuwa nikimtazamia mwenzangu. Nikipita mahali nasikia sauti yake ikiniuliza: mlango ule umepakwa rangi gani sasa, yule mzee ameamka, mlangilangi umetoa maua? Siku moja nilifika hadi daraja la Sabaki, ambako mto mwekundu unakwenda pole pole kuikuta bahari. Upepo ulinijaza baibui. Nilisimama pale muda mrefu, sina mama, sina umri, sina safari ya kurudi. Nilipomweleza dada, nilijisikia nikisema "kwetu hapa Shela". Nikajiuma ulimi. Dada aliniangalia.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Alioga, wanawake wakamfukizia udi, na begi lake lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Hakuwa amebishana nami hata neno moja. "Mama ni mama," alisema. "Ila yule wa Maweni amejifungua juzi. Nipeleke nikamuage."

Alikaa kwenye keria, miguu upande mmoja, akanishika kiuno. Nilimpitisha njia ndefu makusudi. Watu walitoka milangoni, wengine walinyanyua mkono tu, na nilihisi paji la uso wake mgongoni mwangu, na baibui yangu ikilowa. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ningeweza kuendesha hivyo mpaka Gongoni, ng'ambo ya Sabaki.

Tulipofika Maweni, dada aliingia kuaga. Nilikaa nje juu ya jiwe karibu saa mbili. Nikasikia maji yakimiminwa, mtoto akilia, kisha akinyamaza. Dada alipotoka, mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta hadi viwikoni.

"Nimemkanda mara moja tu," alisema haraka. "Kesho twende Tanga."

"Hatwendi," nikasema. "Nakwenda mimi. Wewe una mzazi humo ndani mpaka arubaini, na akimaliza huyu kuna mwingine."

"Na mama?"

"Mama ninaye."

Alikaa chini pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa mikono yenye mafuta, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu msiba. Sikujiona mwema. Nilijiona nimeibiwa, na nimejiibia mwenyewe. Lakini kifua changu kilikuwa chepesi.

Alasiri nikampigia mama. "Mama, dada haji."

"Amekataa?"

"Nimekataa mimi. Kazi yake iko hapa, na watu wake wako hapa."

Nilijiandaa kwa maneno makali, kwa sababu anayo. Hayakuja. Nilisikia redio ya binamu ikiongea nyuma yake.

"Na wewe je?" akauliza, sauti imekuwa ndogo. "Wewe utarudi?"

"Mama! Maswali gani hayo?"

"Nauliza tu. Dada yako naye alikwenda huko harusini kwa wiki mbili tu, akaolewa hukohuko."

Nilimtajia basi la kesho na saa ya kuondoka, nikamtajia hata nambari ya kiti changu. Hakukata simu mpaka nilipomwahidi mara ya tatu.